Uthabiti kwa Kipimo cha Nani? Uhakiki wa Hoja ya Kutuliza Thamani ya Sarafu ya Kidijitali Iliyogatuliwa kwa Mtazamo wa Maganzo

IKISIRI

Makala hii inahakiki hoja kwamba sarafu ya kidijitali isiyo na mamlaka ya kati inaweza kupewa thamani thabiti kwa kanuni za programu peke yake. Maandishi yanayohakikiwa ni yale ya F. A. Hayek (1976), Ferdinando Ametrano na Robert Sams (2014), pamoja na mifumo iliyojengwa baada yao. Mtazamo unaotumika ni wa Maganzo, mji wa biashara ya almasi mkoani Shinyanga, na ukanda wa dhahabu wa Geita. Makala inadai kwamba mtikisiko wa thamani hauondolewi na kanuni yoyote, bali huhamishwa kutoka kwa mtu mmodja kwenda kwa mwingine. Kwa sababu hiyo, kigezo cha kuhukumu mfumo wa kutuliza thamani kinapaswa kuwa ni nani anayebeba mtikisiko huo, na kama alikubali kuubeba huku akijua.

1.0 Utangulizi

Maganzo imo katika Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara iendayo Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Kwa zaidi ya miongo minane, wakazi wa eneo hilo wameishi karibu na bidhaa yenye thamani kubwa isiyokuwa na bei moja. Almasi mbili zenye uzito uleule huweza kutofautiana bei kwa mbali sana kutokana na rangi, usafi na umbo, na mara nyingi anayeijua tofauti hiyo ni mnunuzi, si mchimbaji. Upande wa magharibi, Geita, dhahabu ina bei inayotangazwa duniani kila siku, lakini bei hiyo hupanda na kushuka bila kumwuliza mwenye duara. Kwa mazingira kama hayo, swali la thamani thabiti ni swali la maisha kabla halijawa swali la nadharia.

Katika fani ya sarafu za kidijitali, swali hilo lilizaliwa na Bitcoin. Mfumo huo, ulioelezwa katika waraka wa mwaka 2008 na kuanza kutumika mwaka 2009, uliweka kikomo cha sarafu milioni 21. Idadi ya sarafu imefungwa, ilhali mahitaji ya watu hayafungiki. Mahitaji yanapobadilika, kitu pekee kinachobaki huru kusogea ni bei. Hivyo, yumbo la bei ya Bitcoin si ajali iliyoupata mfumo bali ni tokeo la muundo wake. Waandishi waliofuata walijiuliza kama inawezekana kubakiza ugatuzi, yaani kutokuwapo kwa benki wala serikali inayoamua, na papo hapo kupata sarafu ambayo mtu anaweza kuikopesha, kuiwekea akiba na kuitumia kulipa mishahara.

2.0 Hoja Inayohakikiwa

Mzizi wa hoja umo katika kitabu cha Hayek cha mwaka 1976 kuhusu kuiondoa fedha mikononi mwa dola. Hayek alidai kwamba watoaji binafsi wa fedha, wakishindana, watalazimika kulinda thamani ya fedha zao kwa kuongeza au kupunguza kiasi kilichomo katika mzunguko, kwa kuwa atakayeshindwa ataachwa na wateja. Hata hivyo, mtoaji wa Hayek ni taasisi inayojulikana. Ina jina, ina mali na inaweza kufilisika.

Mwaka 2014 Ametrano alijaribu kumwondoa mtoaji huyo. Katika pendekezo lake, bei ya sarafu ikipanda, idadi ya sarafu katika kila pochi huongezwa kwa uwiano sawa. Ikishuka, hupunguzwa vivyo hivyo. Bei ya sarafu moja hutulia. Sams alilijibu pendekezo hilo mwaka huohuo kwa hoja ambayo bado ina nguvu: kutuliza bei ya sarafu moja si kutuliza thamani ya akiba. Mtu aliyelala na sarafu 100 akaamka na sarafu 70, kila moja ikiwa na bei ileile ya jana, amepoteza thamani sawasawa na yule ambaye bei ya sarafu zake imeshuka. Yumbo limetolewa kwenye bei likawekwa kwenye hesabu ya pochi.

Suluhisho la Sams mwenyewe lilikuwa kutenganisha vitu viwili: sarafu na hisa. Bei ya sarafu ikizidi kiwango kilichokusudiwa, mfumo hutoa sarafu mpya na kuzinadi kwa wenye hisa, ambao hulipa kwa hisa zao, na hisa hizo hufutwa. Bei ikishuka chini ya kiwango, mfumo hutoa hisa mpya na kuzinadi kwa wenye sarafu, nazo sarafu zilizopokelewa hufutwa. Kwa namna hiyo, mwenye hisa hupata faida ya kutoa sarafu wakati wa neema na hubeba hasara wakati wa dhiki, na mwenye sarafu hukaa salama.

Ubora wa hoja hii haupaswi kupuuzwa. Sams ndiye aliyeonyesha waziwazi kwamba mtikisiko lazima ukae mahali fulani, na alimtafutia mbebaji aliyejitolea. Udhaifu wake unaanza pale mbebaji huyo anapoulizwa anapata wapi uwezo wa kubeba. Hisa haina shamba, mgodi wala ghala nyuma yake. Thamani yake ni matarajio kwamba siku zijazo watu wengi zaidi watazitaka sarafu. Matarajio hayo hupungua wakati uleule ambapo mfumo unahitaji hisa zinunuliwe, yaani wakati watu wanapozikimbia sarafu. Kinga na kinachokingwa vina chanzo kimoja.

3.0 Mgawo wa Duara na Mgawo wa Hisa

Ulinganisho na uchimbaji mdogo unaufichua udhaifu huo vizuri. Katika maduara ya dhahabu ya ukanda wa Geita, kazi huendeshwa kwa mgawo. Mfadhili hutoa chakula, magogo na vifaa, wachimbaji hutoa nguvu, mwenye leseni hutoa haki ya eneo, na mawe yakipatikana kila mmoja huchukua sehemu aliyokubaliwa. Duara likikauka, mfadhili hupoteza alichotoa na wachimbaji hupoteza jasho lao. Huo nao ni mfumo wa hisa, na mtikisiko wake ni mkubwa. Lakini una sifa mbili zinazokosekana katika mfumo wa Sams. Kwanza, hisa inategemea jiwe, na jiwe lipo au halipo bila kujali imani ya wenye hisa. Pili, mama anayeuza chakula kwa fedha taslimu pale juu hakuwekwa ndani ya mgawo bila kuambiwa. Aliyechagua kubahatisha anajulikana, na asiyechagua anajulikana pia.

Mfumo wa Terra ulionyesha kinachotokea sifa hizo zinapokosekana. Sarafu yake, UST, ilikusudiwa kuwa na thamani ya dola moja ya Marekani, na kila mwenye UST moja aliweza kuibadilisha kwa LUNA zenye thamani ya dola moja. LUNA ndiyo iliyobeba mtikisiko. Watu walivutwa na mpango wa Anchor, uliolipa riba iliyokaribia asilimia 20 kwa mwaka kwa waliowekeza UST. Mwezi Mei 2022 wengi walitaka kutoka kwa pamoja. Kila UST iliyobadilishwa ilizalisha LUNA mpya. Kila LUNA mpya ilishusha bei ya LUNA, na kadiri bei ilivyoshuka ndivyo zilivyohitajika LUNA nyingi zaidi kulipa dola ileile. LUNA iliyouzwa kwa zaidi ya dola 80 mwanzoni mwa mwezi huo ilikuwa chini ya senti moja kabla mwezi haujafika katikati. Akiba ya Bitcoin iliyowekwa pembeni haikutosha kuzuia. Takriban dola bilioni 40 za thamani zilitoweka.

Jambo la kuzingatia kihakiki si ukubwa wa hasara hiyo pekee, bali mahali ilipoangukia. Kwa mujibu wa nadharia, mwenye hisa alipaswa kubeba, na mwenye sarafu kubaki salama. Kwa hali halisi, uwezo wa mwenye hisa ulipokwisha, mwenye sarafu aligeuka kuwa mwenye hisa bila kuombwa ridhaa. Aliyedhani anauza chakula kwa fedha taslimu aligundua kwamba alikuwa ndani ya duara.

4.0 Dhamana: Almasi, Dhahabu na Ngitili

Njia ya pili ya kutuliza thamani ni kuweka dhamana iliyo nje ya mfumo. Hapa eneo la Maganzo linatoa somo la awali: si kila chenye thamani kinafaa kuwa dhamana. Mwaka 2022, mjini Hong Kong, almasi ya waridi yenye karati 11.15, iliyopewa jina la Williamson Pink Star, ilinadiwa kwa dola milioni 57.7. Bei hiyo haiambii lolote kuhusu karati 11.15 nyingine zozote. Kitu kinachofaa kudhamini fedha lazima kigawanyike bila kupoteza thamani, kifanane sehemu zote, na kipimike na mtu wa kawaida. Almasi haina hata sifa moja kati ya hizo tatu kwa ukamilifu. Dhahabu inazo mbili za kwanza, na ya tatu hupatikana palipo na mizani na kipimo cha kuaminika. Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, yakianza na la Geita, yalikusudiwa pamoja na mengine kuziba pengo hilo.

Hata hivyo, dhahabu inaleta matatizo mawili. La kwanza ni kwamba dhahabu iliyo ghalani inahitaji mwenye ghala. PAX Gold, iliyoanza mwaka 2019, humpa mwenye sarafu moja haki ya aunsi moja ya dhahabu iliyohifadhiwa London. Leja yake imegatuliwa lakini funguo za ghala hazikugatuliwa. Tatizo la pili ni kwamba dhahabu yenyewe si kipimo kilichotulia. Aunsi iliyopita dola 1,900 mwaka 2011 ilikaribia dola 1,050 mwishoni mwa mwaka 2015. Iliyokuwa karibu dola 2,000 mwishoni mwa mwaka 2023 ilivuka dola 4,000 mwezi Oktoba 2025. Mchimbaji aliyekopa gramu 10 za dhahabu mwaka 2023 na kuahidi kulipa gramu 10 angelipa maradufu ya alichopokea. Benki Kuu ya Tanzania inaponunua dhahabu, na sheria inapowataka wachimbaji na wafanyabiashara kuitengea angalau asilimia 20 ya dhahabu yao, lengo ni akiba ya taifa na si kuifunga shilingi kwa gramu. Tofauti hiyo hupotea mara nyingi katika mijadala inayosema sarafu ya kidijitali idhaminiwe na dhahabu ya nchi na tatizo litakwisha.

DAI, iliyoanza mwaka 2017, ilichagua dhamana ya mali za kidijitali zenye thamani inayozidi deni. Kanuni hii ni imara kuliko ya Terra kwa kuwa dhamana haizaliwi na sarafu inayodhaminiwa. Lakini tarehe 12 Machi 2020, bei ya Ether ilipoporomoka na mtandao ukasongamana, baadhi ya dhamana zilinunuliwa mnadani kwa bei ya sifuri. Waliokopa walipoteza mali ambayo kwa hesabu za karatasi ilitosha kulipa madeni yao. Baadaye mfumo ulitegemea kwa sehemu kubwa dhamana ya USDC, sarafu inayotolewa na kampuni na kulindwa na amana za dola. Mwezi Machi 2023, dola bilioni 3.3 za amana hizo zilipokwama katika Silicon Valley Bank iliyoanguka, USDC ilishuka chini ya senti 90, na DAI ikashuka nayo. Uthabiti ulikuwa umenunuliwa kwa kuuza ugatuzi.

Shinyanga ina mfano wa zamani wa akiba iliyoundwa kwa ajili ya dhiki, nao ni ngitili. Wasukuma hufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ifunguliwe kiangazi, nyasi za kawaida zinapokwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliirejesha desturi hiyo kwa kiwango kikubwa. Ngitili hufanya kazi kwa sababu tatu: hujazwa kabla ya ukame, mipaka na wakati wa kuifungua hujulikana na wote, na yupo mlinzi anayeweza kuulizwa. Akiba haiozi, lakini isiyo na mlinzi huliwa mapema. Kinga ya Terra ilikosa sharti la kwanza, kwa kuwa iliegemea zaidi LUNA: ni kama kutegemea maziwa ya ng'ombe kumlisha ng'ombe huyohuyo wakati wa kiangazi. Dhamana ya DAI mwaka 2020 ilikuwa imejazwa, ila utaratibu wa kuifungua uliwashinda watumiaji wake saa ya dhiki. Na sharti la tatu, la mlinzi anayeulizika, ndilo ambalo nadharia ya ugatuzi inalikataa kwa msimamo.

5.0 Uthabiti dhidi ya Nini?

Maandishi mengi yanayohakikiwa hapa hulichukulia neno 'thabiti' kana kwamba lina maana moja, na maana hiyo huwa ni dola ya Marekani. Dhana hiyo inastahili kupingwa. Mkazi wa Maganzo hununua mahindi, hulipa ada na kodi ya nyumba kwa shilingi. Katika nusu ya pili ya mwaka 2024 dola moja iliuzwa kwa karibu shilingi 2,700, na mwezi Desemba ilikuwa karibu shilingi 2,400. Mtu aliyeweka akiba katika sarafu iliyobaki dola moja kamili muda wote huo alipoteza takriban asilimia 11 ya uwezo wake wa kulipa kwa shilingi. Mfumo ulitimiza ahadi yake bila kasoro, na mwenye akiba akapata hasara bila kosa.

Mtetezi wa sarafu hizo atasema kwamba kwa kipindi kirefu ni shilingi ndiyo iliyopoteza zaidi. Hilo ni kweli. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966 zilihitajika shilingi saba na senti chache kwa dola moja. Hoja hiyo inafaa kwa mwenye uwezo wa kusubiri miaka. Haimfai anayelipwa mgawo leo na kudaiwa wiki ijayo. Uthabiti wa muda mrefu na uthabiti wa muda mfupi ni bidhaa mbili, na maskini huhitaji zaidi ile ya pili.

Aidha, wakazi hao tayari wanayo fedha ya kidijitali yenye thamani tulivu kwa shilingi. Fedha ya simu hubaki shilingi moja kwa shilingi moja kwa sababu watoa huduma hutakiwa kuweka kiasi kilekile katika akaunti za amana za benki. Haina ugatuzi, na mtumiaji hutozwa makato, lakini swali la thamani limejibiwa. Sarafu iliyogatuliwa inayotaka kuchukua nafasi hiyo lazima ionyeshe inatatua dhiki gani ambayo fedha ya simu haikuitatua. Mazingira ya sheria nayo hayamrahisishii mtumiaji: tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lilitahadharisha kwamba sarafu hizo hazitambuliwi kisheria nchini, ilhali Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Anayepata hasara hana wa kumshtakia kwa urahisi, ila kodi inamhusu.

6.0 Kielelezo cha Mombasa na Mipaka Yake

Mfano wa Afrika Mashariki unaoweka hoja katika mizani ni ule wa Kenya. Mwezi Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo waliodhaminiana walianza kutumia vocha za Bangla-Pesa. Waanzilishi walikamatwa na kushtakiwa, na mashtaka yakafutwa mwaka huohuo. Mradi ulikua na kuwa mtandao wa Sarafu, uliohamia kwenye leja ya kidijitali na kutumika hata kwa simu za kawaida. Takwimu zake zilizotolewa hadharani, za kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2021, zinahusu takriban watumiaji 40,000.

Sarafu moja ilichukuliwa kama shilingi moja ya Kenya. Kilichoishikilia thamani hiyo hakikuwa kanuni ya kuongeza na kupunguza kiasi, bali utayari wa muuza mboga, fundi na mchota maji kuipokea. Baadaye waendeshaji walielekeza mkazo kwenye vocha zinazodhaminiwa na bidhaa na huduma za wanaozitoa, jambo linalokubaliana na uhakiki huu: dhamana ikawa kazi ya mtu anayejulikana. Hata hivyo, kielelezo hiki hakipaswi kutukuzwa kupita kiasi. Vocha ya mtaa hutulia ndani ya mtaa. Muuza mboga anayepokea vocha bado lazima alipe shilingi kwa mkulima na kwa mwenye gari. Kwa Maganzo, ambako thamani kubwa hutoka nje ya eneo pamoja na jiwe, ukomo huo ungekuwa mkali zaidi: mnunuzi wa almasi hahitaji vocha ya mama lishe.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mapendekezo ya mwaka 2014 na mifumo iliyofuata yanakutana katika jambo moja: kila moja huhamisha mtikisiko. Ametrano aliuhamishia kwenye idadi ya sarafu, Sams kwenye hisa, Terra kwenye LUNA na hatimaye kwa wenye akiba, DAI kwa wakopaji na baadaye kwenye benki za nje. Vocha za Sarafu huuhamishia kwenye ujirani. Tofauti ya kimaadili na kitaalamu kati yao haipo katika ustadi wa kanuni, bali katika uwezo wa mbebaji na ridhaa yake.

Kutokana na hayo, utafiti wa baadaye kuhusu sarafu hizi katika maeneo ya uchimbaji mdogo unafaa kuongozwa na maswali matatu kabla ya kuingia katika hesabu za kanuni. Thamani inatulizwa kwa kipimo gani, na je, ni kipimo ambacho mtumiaji hulipia mahitaji yake? Akiba ya kukinga ina chanzo kilicho huru na kinachokingwa? Kinga ikishindwa, hasara inamwangukia nani, na je, aliambiwa kwa lugha anayoielewa? Mfumo unaojibu swali la tatu kwa kusema kwamba kinga haiwezi kushindwa haujalijibu. Mchimbaji wa Maganzo tayari anabeba mtikisiko wa ardhi, wa mvua na wa jicho la mnunuzi. Sarafu inayomwongezea wa nne na kuuita uthabiti inastahili kukataliwa hata kama hesabu zake ni sahihi.